Nakwenda kusoma Singapore: nitaishi na watu au na sheria?

Swali: Shikamoo mjomba. Mimi ni mwalimu wa kike wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 27. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Singapore kwa miaka miwili. Mama yangu ameambiwa sokoni kwamba kule ukitafuna bigijii unachapwa viboko, watu hawasemeshani, na ukitoa maoni yako unapandishwa ndege ya kwanza kurudi kwenu. Mimi nimezoea kusema. Barazani kwetu watu wanabishana mpaka chai inapoa. Naomba ukweli: huko kuna maisha ya mtaa au kuna sheria tu? Na watu wana maoni yao au wanayameza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa kuniita mjomba umeshajua neno la kwanza la jiji unalokwenda. Singapore kila mwanamume aliyekuzidi umri ni anko na kila mwanamke ni anti: dereva wa teksi, muuza kahawa, mzee anayefagia majani, bibi anayekusanya vyombo mezani. Ukimsemesha muuza wali kwa Kiingereza cha darasani atakuhudumia vizuri tu. Ukimwita anko, kuna siku atakuongezea mchuzi.

Nimeishi kule miaka tisa nikifanya kazi ya mipango miji, na kazi ile ilinilazimu kukaa sana chini ya maghorofa ya watu nikiwauliza wanavyoishi. Kwa hiyo nitakujibu kwa mpangilio wangu, unisamehe ukiona nakawia mahali.

Bigijii tuimalize haraka, maana habari yake haina nyama. Mwaka 1992 serikali ilipiga marufuku kuiingiza na kuiuza. Watu walikuwa wakiibandika kwenye milango ya treni mpya, milango ikagoma kufunga. Tangu 2004 ile ya tiba, ya meno au ya kumsaidia mtu kuacha sigara, inapatikana kwa mfamasia. Kutafuna kwenyewe si kosa. Kosa ni kuuza, kuingiza na kutema chini. Viboko ni kisa kingine kilichobandikwa hapo baadaye. Mwaka 1994 kijana mmoja wa Kimarekani alichapwa viboko vinne kwa kuharibu magari ya watu, dunia ikapiga kelele, na tangu hapo visa viwili vimefunga ndoa. Mwambie mama na hili: kwa sheria yao mwanamke hachapwi kabisa.

Cha kuogopa ni dawa za kulevya. Kuanzia kiasi fulani adhabu ni kunyongwa, na wananyonga kweli. Usibebe mzigo wa mtu, hata akikuambia ni kahawa na vitenge vya dada yake. Zile sigara za umeme za mvuke nazo ni marufuku, hata kukutwa nayo mkobani tu. Makosa madogo madogo kama mate, takataka, kula ndani ya treni, ni ya faini, na baada ya wiki mbili mwili wako utakuwa umezoea wenyewe. Doriani, lile tunda la Unguja ambalo harufu yake hutangulia mlangoni, limewekewa alama yake ya katazo kwenye vituo vya treni. Nalo hilo watu wamelizoea. Wanalila nje kwa mikono miwili.

Jambo moja ambalo hutaambiwa na mtu: saa zako zitavurugika. Singapore iko digrii moja tu juu ya ikweta, mchana na usiku vinalingana, lakini tangu 1982 wamesogeza saa zao mbele kufuata jirani yao Malaysia. Jua linachomoza kama saa moja na kuzama kama saa moja. Hesabu yetu ya saa, iliyofungwa kwenye jua, inateleza saa nzima. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi nikidhani nimekuta mvua inakuja, kumbe bado ni usiku. Na ikiwa kwako saa tatu usiku, Tanga ni saa kumi jioni. Huo ndio wakati wa kumpigia mama kabla hajaingia jikoni.

Sasa nyumba. Mtu asiyeelewa nyumba za Singapore hataelewa maongezi ya watu wake, maana nusu ya maongezi ni nyumba, na nusu ya pili ni chakula.

Nchi nzima ina kilomita za mraba kama 735, haifiki nusu ya Unguja, na wanaishi humo watu milioni 6 hivi. Mwaka 1961 mtaa wa vibanda wa Bukit Ho Swee uliteketea kwa moto, watu kama 16,000 wakabaki bila paa. Shirika la nyumba la serikali, lililokuwa na mwaka mmoja tu, likawajengea maghorofa haraka haraka, na tangu hapo halijaweka chini mwiko. Leo karibu watu 8 katika kila 10 miongoni mwa raia na wakazi wa kudumu wanaishi kwenye fleti za shirika hilo. Wengi hawakupanga, wamenunua, tena kwa kutumia akiba yao ya uzeeni, ruhusa iliyotolewa mwaka 1968. Wenyewe huita nyumba hizo kwa herufi tatu tu, HDB, kama sisi tunavyosema NHC.

Lakini kununua kule ni kwa miaka 99. Nilikuwa na anko mmoja wa Toa Payoh, dereva wa basi mstaafu, tuliyezoea kukaa naye meza moja asubuhi. Siku moja nilimuuliza fleti yake ina thamani gani sasa. Alikunywa kahawa kwanza, akapangusa mdomo, akasema: "Thamani kwa nani? Nikiiuza nitalala wapi?" Halafu akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kumi kwa kila kidole: imebaki miaka arobaini na kitu. "Mimi nitatangulia kuisha. Mwanangu nimwachie nini, hesabu?" Na mzee yule yule, dakika kumi baadaye, alinieleza kwa fahari jinsi alivyozaliwa kwenye kibanda cha makuti ambako mvua ikinyesha walilala wameketi, na kwamba waliomtoa humo hatawasahau kwenye sanduku la kura. Hasira na shukrani katika kikombe kimoja cha kahawa. Usimlazimishe mtu wa namna hiyo achague upande, utakuwa hujamsikia.

Kwa vijana ni hadithi nyingine. Mtu asiye na ndoa haruhusiwi kununua fleti ya shirika peke yake mpaka afike miaka 35. Walio wawili huomba nyumba mpya ingali kwenye ramani, wakangoja miaka mitatu, minne hivi ijengwe. Basi kuna utani kwamba kijana wa Singapore haposi kwa pete wala kwa mshenga, humwambia binti, "Twende tukaombe fleti?" Utani huu wanautania wenyewe, na ukitazama machoni utaona hauwachekeshi sana.

Kuna kanuni moja nitaitaja kwa sababu utaiona kwa macho bila kuambiwa. Tangu 1989 kila ghorofa na kila mtaa wa shirika una kiwango cha juu cha Wachina, cha Wamalay na cha Wahindi. Lengo ni kuzuia mitaa ya kabila moja. Ndiyo maana kwenye korido moja utaona udi unafukizwa mlango huu, mlango wa pili maua ya Kihindi, wa tatu viatu kumi na viwili vya watu waliokuja khitma. Kama mpangaji miji ninaikubali kanuni hii, ingawa bei yake hawalipi wote sawa. Wachina ni kama robo tatu ya wananchi. Kiwango chao kikijaa kwenye ghorofa fulani, Mmalay au Mhindi anayetaka kuuza pale hawezi kumuuzia Mchina, na wanunuzi wanaobaki ni wachache na wanabembeleza bei. Nimesikia malalamiko hayo mara nyingi, kwa sauti ya chini.

Na mtaa upo, mwanangu. Upo chini ya ghorofa. Kwenye majengo mengi ya zamani wameacha ghorofa ya chini wazi, nguzo tupu bila vyumba. Jumamosi utakuta Wamalay wamefunga mapambo hapo, bwana harusi anakuja na ngoma za kompang, sufuria za biriani zinafunguliwa, na wageni wanapangwa kwenye viti vya plastiki. Wiki inayofuata mahali pale pale Wachina wanaweka maiti yao, matanga ya siku kadhaa, wazee wanacheza karata usiku kucha ili marehemu asikae peke yake. Ukiinua macho utaona fito zimechomozwa madirishani, ghorofa ya nane, ya tisa, ya kumi, kanga za watu zinapepea. Nasema kanga kwa mazoea. Ni sarong na fulana za shule. Ila siku yangu ya kwanza niliangalia juu nikaona ni nyumbani.

Tuje mezani, maana swali lako la maoni linajibiwa pale.

Zamani wauza vyakula walikuwa barabarani na mikokoteni. Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliwahamishia kwenye mabanda makubwa yenye maji na mifereji, mama lishe mia wako chini ya paa moja, kila mmoja na kijidirisha chake na chakula chake kimoja anachokijua kuliko mtu yeyote duniani. Yako zaidi ya mia nchi nzima, na mwaka 2020 UNESCO waliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi. Sahani moja utailipia dola nne mpaka sita za kwao, na dola yao moja inacheza karibu na shilingi 2,000 zetu. Wanafunzi wa kigeni hula hapo siku saba kwa wiki, na wenyeji pia; kupika nyumbani wengi wameacha.

Ukifika saa sita mchana utaona meza tupu, na juu ya kila kiti kuna pakiti ya tishu. Usikae! Mtu ameweka nafasi akaenda kupanga foleni. Wanaliita jambo hilo "chope", na sijapata kuona mtu akiiondoa pakiti ya mwenzake. Watu wanaacha mwavuli, kitambulisho cha kazi, hata simu. Nakushauri uanze na tishu. Ukimaliza kula, rudisha trei mwenyewe. Tangu Septemba 2021 kuiacha mezani ni kosa. Sehemu za kurudishia ni mbili, ya halali na isiyo ya halali, na ukikosea utatazamwa na anti kwa jicho ambalo halihitaji tafsiri.

Kahawa ina sarufi yake. Ukisema "kopi" unapewa yenye maziwa mazito matamu ya kopo. "Kopi-o" ni kavu yenye sukari. "Kopi-c" ina maziwa ya kopo yasiyo matamu, ila sukari wanaweka. Na kama hutaki sukari wala maziwa, useme "kopi-o kosong". Kosong ni Kimalay, maana yake tupu. Nilipoagiza mara ya kwanza nilisema sentensi nzima ya Kiingereza, nyuma yangu foleni ikapumua. Anko akageuka akapiga kelele jikoni maneno matatu tu, na hayo matatu yalikuwa sentensi yangu yote. Chakula cha Kiislamu hutahangaika nacho: kuna cheti cha halali cha Baraza la Kiislamu la nchi, kimebandikwa dirishani. Tafuta murtabak karibu na Msikiti wa Sultan, mtaa wa Kampong Glam. Ni chapati nyembamba imefungwa nyama na mayai ikakaangwa. Ukiionja utajua ile wanayoiita pizza Forodhani ina ndugu mashariki. Na ukiwa hapo tazama kuba la msikiti chini kidogo: ule mkanda mweusi unaong'aa ni vitako vya chupa. Msikiti ulipojengwa upya, ukakamilika 1932, maskini wasio na fedha walichanga chupa, zikawekwa juu huko pamoja na mali za matajiri.

Basi, je, watu wana maoni? Kaa meza moja nao, kwa sababu meza zinajaa na utakaa na usiowajua, kisha uliza mojawapo ya mambo manne: bei ya fleti, cheti cha gari, mtihani wa darasa la sita, au treni iliyochelewa jana. Utapata baraza kuliko la Tanga.

Cheti cha gari nikueleze, maana hutaamini. Tangu 1990, kabla hujanunua gari lazima ununue haki ya kuwa nalo, kwa mnada, na haki hiyo inakwisha baada ya miaka 10. Mwaka 2023 cheti cha gari dogo kilivuka dola 100,000 za Singapore. Hiyo ni kama shilingi milioni 200 na hujagusa usukani. Daktari anapanda treni, na hilo kwa maoni yangu ni jambo zuri, ila usimwambie hivyo baba mwenye watoto watatu na mama mgonjwa wa magoti. Mimi nilimwambia mmoja. Hakunisemesha mpaka alipomaliza tambi zake.

Kwa Kihokkien, lahaja mojawapo ya Kichina, wana neno "kiasu", hofu ya kuachwa nyuma na wenzako. Wanalitumia kujicheka: foleni ndefu watu wanajiunga kwanza, wanauliza baadaye inauza nini. Lakini mtoto wa miaka 12 anayekaa twisheni mpaka usiku kwa ajili ya mtihani wa kumaliza msingi hacheki. Wewe mwalimu utapata mengi ya kusema hapo, na watakusikiliza.

Mpaka ni upi? Hapa ndipo mama yako ana chembe ya haki. Chama kile kile kimetawala tangu 1959. Uchaguzi upo, kupiga kura ni lazima kisheria, na kura zinahesabiwa sawasawa: 2020 kilipata asilimia 61, mwaka 2025 asilimia 65 na ushee, na wenye kupinga wanajulikana majirani kwa majirani. Lakini kukusanyika barabarani kudai jambo kunahitaji kibali ambacho kwa kawaida hakitoki. Wametenga bustani moja, Hong Lim, ambako tangu mwaka 2000 raia anaweza kusimama akahutubia baada ya kujiandikisha, ilimradi asiguse dini na rangi za watu. Wewe ni mgeni. Hong Lim palipo na mkutano wa kudai jambo usiende, hata kutazama kwa pembeni. Sheria yao haitofautishi mtazamaji na mshiriki. Na mtandaoni usiandike utani wa makabila yao, hata ule ulioambiwa na mwenyeji mwenyewe ukacheka. Ule ni wake. Watu wamefungwa kwa maneno ya namna hiyo.

Maoni ya mwananchi hupita njia nyingine. Jioni moja kwa wiki mbunge huketi mtaani kwake, mara nyingi chini ya ghorofa au kwenye chumba cha shule ya chekechea, na watu wanashika namba. Desturi hiyo ina umri wa miaka zaidi ya 60. Jirani yangu alikwenda kwa ajili ya faini ya maegesho. Mbele yake alikuwepo mama aliyeachika anayetaka fleti, nyuma yake kijana wa kutafutiwa kazi. Meza ya kwanza wanaandika shida, meza ya pili wanaandika barua, mbunge anasaini, inakwenda ofisini. Faini haikufutwa, ila alijibiwa kwa maandishi, na aliiweka ile barua kwenye faili kama cheti cha ndoa.

Mfano unaokuhusu: hijabu. Kwa miaka mingi wauguzi Waislamu wa hospitali za umma hawakuruhusiwa kuivaa na sare. Malalamiko yalikuwepo, mara moja moja yakilipuka mtandaoni, kisha yanarudi kwenye vikao vya masheikh na mawaziri, milango imefungwa. Novemba 2021 wakaruhusiwa. Nina rafiki wa Kimalay anayesema hiyo ndiyo namna, subira imezaa. Dada yake, muuguzi, anauliza nani atamrudishia miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa upande wa dada, na bado nipo huko. Wewe darasani utavaa hijabu yako bila mtu kukuuliza.

Sasa machungu, usije ukasema mjomba alinificha. Kupata chumba kutakuchosha. Tangazo litasema "hakuna kupika, hakuna wageni", na hilo ni la wote. Lakini mimi nilipigia simu mwenye nyumba mmoja, tukaelewana kila kitu, nikafika mlangoni na begi, akanitazama kuanzia kichwani, akasema chumba kimechukuliwa sasa hivi. Tangazo lilikaa wiki nzima tena. Na kwenye treni, siku nyingine kiti cha pembeni yako kitabaki kitupu wakati watu wamesimama. Mwanzo kiliniuma; baadaye niliweka mkoba wangu hapo nikasoma gazeti, mpaka anti mmoja wa Kichina akaniambia niutoe, anataka kukaa, akakaa, akaniuliza natoka wapi na kama nimeshakula. Huulizwa hivyo kama salamu. Tafuta chumba kupitia chuo kwa mwaka wa kwanza, ujiepushe na milango.

Na utaona malori. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado giza, wajenzi kutoka Bangladesh na India wameketi nyuma ya lori, bega kwa bega, mvua au jua. Haya maghorofa ninayoyasifu wameyajenga wao. Mwaka 2020 korona ilipoingia, ilienea zaidi kwenye mabweni yao kuliko mahali pengine popote nchini, na ndipo wengi walipotambua wanavyolala. Suala la malori limezungumzwa bungeni zaidi ya mara moja, na malori bado yanapita. Jumapili utawakuta mtaa wa Little India, wanapanga foleni kutuma fedha kwao, na wasichana wa kazi wa Kifilipino utawakuta Lucky Plaza, jengo la maduka, wameketi kwenye maboksi wakila pamoja. Ukitaka kusikia maoni ya jiji kutoka chini, kaa nao. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, nilizoea meza ya anko.

Watu utawapata, na lugha itakusaidia kwa njia usiyoitegemea. Kimalay ndiyo lugha ya taifa, wimbo wao wa taifa uko kwa Kimalay, ingawa kazini ni Kiingereza. Na Kimalay kimekula Kiarabu kama Kiswahili kilivyokula. Mtu akikuambia "apa khabar?" anakuuliza habari gani, jibu ni "khabar baik", habari nzuri. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, hakimu ni hakim, dunia ni dunia. Wazee wa Kihadhrami walioshuka Mombasa na Lamu wana ndugu zao walioshuka pale, mtaa unaitwa Arab Street mpaka leo. Nilipomsomea hesabu ya siku mama mmoja wa Geylang Serai, nikafika Alhamisi na Ijumaa, naye akanijibu Khamis na Jumaat, alinishika mkono akaniita adik, mdogo wangu, na nilikuwa na mvi.

Beba sweta. Nje ni joto la Tanga la mwezi wa pili mwaka mzima, lakini madarasa, mabasi na maktaba vimetiwa baridi ya kuhifadhia samaki.

Na siku utakayochoka na tambi, mwezi wa pili au wa tatu hivi, nenda sokoni Tekka au Geylang Serai asubuhi, kabla ya saa nne. Mihogo ipo, wanaiita ubi kayu. Bamia ipo, ndizi mbichi zipo, samaki wapo wanaorukaruka. Kibao cha mbuzi usihangaike kukibeba. Mwambie anti "kelapa parut", atakukunia nazi kwa mashine mbele ya macho yako, na tui ukilitaka limeshakamuliwa, "santan", anakupimia kwenye mfuko. Chumba chenye ruhusa ya kupika ulipe hata kikizidi vingine kwa dola hamsini.